Ndimu hukata shombo la samaki. Kwa nini sabuni ya mche hulizidisha?

Mkaanga samaki, Kirumba
Habari za jioni, ndugu zangu. Nakaanga samaki wa kuuza karibu na soko la Mwaloni, na kwa siku huparua sato wengi pamoja na kukata vipande vya sangara. Jioni nikinawa kwa sabuni ya mche, mara tu povu linapoanza kutoka, shombo hunipanda puani kwa nguvu kuliko kabla sijaishika sabuni. Nikisugua nusu ya ndimu kwenye viganja na chini ya kucha, shombo hukatika papo hapo. Binti yangu wa kidato cha pili ananiambia kwamba ndimu ni asidi na sabuni ni besi. Nilipomwuliza shombo lenyewe ni lipi kati ya hayo mawili, alishindwa kujibu, kwa sababu daftari lake linasema besi ni oksidi au hidroksidi ya metali, na hatukuona metali gani iko kwenye shombo. Naomba mnieleweshe.

Mkazi wa Nyegezi
Dada, nadhani ndimu ina harufu kali inayofunika shombo, kama vile marashi yanavyofunika jasho.

Mwalimu wa kemia, Igoma
Ndugu wa Nyegezi, naomba nitofautiane nawe. Maji ya ukwaju hayana harufu kali ya kufunika chochote, lakini nayo hukata shombo.

Dada, mpongeze binti yako, kwa maana amekwama mahali panapostahili kumkwamisha mtu anayefikiri. Shombo hutokana zaidi na trimethilamini, ambayo ni besi isiyo na metali hata chembe. Fasili ya daftarini si kosa, ila ni finyu. Mwaka 1923, Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba asidi ni kitu kinachotoa protoni, yaani atomu ya hidrojeni iliyopoteza elektroni yake, na besi ni kitu kinachoipokea. Molekuli ya trimethilamini ina atomu ya nitrojeni yenye jozi ya elektroni isiyotumika, na hapo ndipo protoni ya asidi hukaa.

Sasa tazama kinachotokea kiganjani. Trimethilamini huchemka kwenye nyuzi 3 hivi za Sentigredi, kwa hiyo katika joto letu la Mwanza huwa gesi na kufika puani bila shida. Asidi ya sitriki ya ndimu inapoipa protoni, hupata chaji chanya, na chembe yenye chaji hairuki hewani, bali hubaki ndani ya maji ikiwa chumvi isiyonuka. Sabuni ya mche huipokonya protoni hiyo, kwani pH yake, yaani kipimo ambacho chini ya 7 ni asidi na juu ya 7 ni besi, kwa kawaida ni kati ya 9 na 10. Kwenye pH ya 9.8 hivi, nusu ya trimethilamini iko huru na nusu imefungwa. Kwenye pH ya 7 iliyo huru haifiki hata mbili katika elfu moja, na kila pH inaposhuka hatua moja kutoka hapo, iliyo huru hupungua mara kumi. Kwa hiyo anza na ndimu, suuza kwa maji mengi wakati shombo bado limefungwa, kisha ndipo upake sabuni.

Mkaguzi wa samaki mstaafu, Ukerewe
Naongeza jambo moja linalohusu ziwa letu. Trimethilamini haimo kwa wingi katika samaki aliye hai. Bakteria huitengeneza baada ya samaki kufa, kutoka kwenye oksidi ya trimethilamini iliyo katika nyama yake. Oksidi hiyo hupatikana hasa kwa samaki wa baharini, na kwa kawaida samaki wa maji baridi hawana, lakini sangara na sato wa Ziwa Victoria walipopimwa walikutwa na miligramu 150 hadi 200 katika kila gramu 100 za nyama. Kwa sababu hiyo nawasihi wanunuzi wamkague samaki mashavu na macho kabla hajatiwa ndimu, kwani ndimu huzuia harufu isitoke lakini haimrudishii samaki ubichi wake.

Mkaanga samaki, Kirumba
Mwalimu, tumejaribu. Binti alichukua maji tuliyooshea sangara akakamulia ndimu, na shombo likapotea. Kisha akatia magadi yaliyosagwa, kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko. Mwanzoni kila chembe ya magadi ilitoa povu na hapakuwa na harufu yoyote, halafu povu likakoma, naye akaendelea kutia, na shombo likarudi lote kama vile ndimu haikuwahi kuwamo. Povu lile lilikuwa nini?

Mwalimu wa kemia, Igoma
Ni kaboni dioksidi. Magadi ni kabonati ya sodiamu iliyochanganyika na bikabonati, nayo ni besi, kwa hiyo ilikuwa ikipokea protoni za ndimu na kutoa gesi hiyo. Povu lilipokoma, asidi ya kuipa protoni ilikuwa imekwisha. Magadi yaliyoongezwa baada ya hapo yakapandisha pH na kuipokonya trimethilamini protoni yake. Mwambie binti aandike daftarini kwamba povu lilikoma kwanza, ndipo shombo likarudi.