Tulikutwa na HPV (kirusi kinachoweza kuleta kansa ya mlango wa kizazi) siku moja, wifi kimeondoka mimi kimebaki, kwa nini?

Mama Junior
Habarini wadau, naombeni kueleweshwa. Nina miaka 36, natumia ARV (dawa za VVU) mwaka wa 5 huu, virusi havionekani. Mwaka jana mimi na wifi yangu tulipima HPV, wote tukakutwa nayo. Juzi tumerudia, wifi yuko safi na hajanywa dawa yoyote!! Mimi bado kipo, nimepakwa ile siki kwenye mlango wa kizazi nesi kaona weupe, naambiwa nirudi wanichome hapo penye weupe, sio sindano. Huo weupe ndo kansa tayari? Wiki nzima sijalala na mume nae keshaanza maneno.

NesiMstaafu
Pole mdogo wangu. Weupe peke yake sio kansa, mara nyingi ni dalili kuna seli zimeanza kubadilika, na zikichomwa mapema kwa kawaida kansa haifiki.

Wifi katibiwa na kinga yake mwenyewe. Karibu kila aliyewahi kujamiiana hukutana na HPV, na kwa wengi mwili unaifukuza ndani ya miaka 2 bila mtu kujua. Ila ni mjanja huyu, haingii kwenye damu, haui seli anazokaa, anajibanza kwenye ngozi laini ya mlango wa kizazi bila homa bila maumivu, sasa askari wa mwili watashtukaje? Wanaotakiwa kumnasa ni CD4, askari wakuu wa kinga, na wenzao, na ndo haohao VVU ilikula kabla hujaanza dawa. Zile aina mbaya, hasa 16 na 18, zikikaa miaka zinatoa protini za E6 na E7 zinazozima ulinzi wa seli, ile iliyoharibika badala ya kufa inaendelea kuzaliana tu. Mwenye kinga nzuri inachukua miaka 15 hadi 20 kufika kansa, kinga ikiwa chini 5 hadi 10. Ndo maana mwenye VVU anaambiwa apime kuanzia miaka 25.

DokaMitishamba
Dada nina unga wa asili unapandisha kinga, HPV inatoka siku 14 tu, njoo inbox

Kaka Mbishi
Wewe tena 😂 wiki iliyopita unga huohuo ulikuwa wa kisukari.
Ila nesi, kama virusi havionekani mbona kinga imeshindwa?

NesiMstaafu
Kutoonekana ni VVU kwenye damu, HPV hazifubazwi na ARV. Dawa zinarudisha kinga na zinasaidia sana, ila inategemea ulianza CD4 zikiwa ngapi, na HPV yenyewe pengine iliingia zamani. Hapo mume naye anyamaze, inaweza kujificha miaka mingi, kipimo hakisemi nani kaileta wala lini. Na kama kuna anayevuta sigara aache, zinadhoofisha kinga ya palepale mlangoni.

Mama Junior
Asante dada, nimepumua. Kuchomwa kunauma? Na binti yangu ana 12, achanjwe?

NesiMstaafu
Dakika chache, maumivu kama ya hedhi, majimaji yatatoka wiki kadhaa, tendo la ndoa usubiri wiki 4, baada ya mwaka unarudia kipimo. Binti achanjwe, hapa Tz ni miaka 9 hadi 14, bure. Chanjo inaandaa kinga kabla kirusi hakijaingia, kikishaingia haikitoi, ndo maana wewe unachomwa na yeye anachanjwa.

Mama Junior
Sawa, naenda jumatatu. Wifi kasema atanisindikiza