Barua ya daktari kwa safari ya ayawaska Peru: nani amewahi kuipata?

Kutoka: Binti wa Mkomani (Bristol)

Assalamu alaikum nyote,

Nina jambo la haraka. Nimepata nafasi, mwezi wa tisa, kwenye kambi ya dawa ya miti karibu na Iquitos, Peru, wanakonywesha ayawaska, kile kinywaji cha msituni kinachobadilisha fahamu. Wametuma fomu ya afya, na kabla ya kuthibitisha wanataka barua ya daktari, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na orodha ya dawa zote ninazotumia. Leo nimekwenda kwa GP, daktari wangu wa mtaa. Aliyekuwa dirishani akaisoma fomu, akaingia ndani, akarudi na jibu kwamba hawaandiki barua kwa kitu ambacho hapa ni Class A, yaani dawa haramu za daraja la juu, na ECG nayo hawanifanyii kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna daktari aliyetoka kusema nami.

Wengi wenu mwajua kwa nini nakwenda. Mama alifariki Lamu asubuhi, akazikwa alasiri ile ile kama ilivyo desturi yetu, nami niko huku sina hata tikiti. Tangu hapo usingizi umenihama, na sertralini, kidonge changu cha huzuni, yanishika tu nisianguke. Sitafuti starehe.

Swali langu: kuna aliyewahi kupata barua ya namna hii, hata kwa daktari wa kulipa? Na je, lazima itafsiriwe Kihispania na kupigwa mhuri, ama ya Kiingereza yatosha?

Kutoka: Baba Rotterdam

Wa alaikumu salaam dada, na pole tena kwa msiba.

ECG hiyo ni ya iboga, si ya ayawaska. Iboga, mzizi wa Gabon unaolevya, ndiyo inayovuruga mapigo ya moyo. Nadhani kambi yako wametumia fomu moja kwa dawa zote. Mimi nilikunywa ayawaska hapa hapa Uholanzi, enzi zile kanisa la Santo Daime, wanaoinywa ibadani, likiruhusiwa baada ya hukumu ya Amsterdam ya 2001, na hakuna aliyeniuliza barua. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya hapa ikafunga mlango ule. Kilichobaki sasa ni vile vinundu vya uyoga wa kulevya vinavyoota chini ya udongo. Uyoga wenyewe ulipigwa marufuku Desemba 2008, lakini vinundu havikutiwa kwenye orodha, kwa hiyo vinauzwa dukani na risiti unapewa. Kuna watu huku wanaendesha mapumziko ya siku chache kwa kutumia hivyo. Kwa nini upande ndege mpaka Amazon?

Kuhusu vidonge, mimi nisingeviandika kwenye fomu. Viache wiki moja kabla, uende zako.

Kutoka: Nesi wa Leicester

Baba Rotterdam, kwa heshima zote, ushauri wako wa mwisho unaweza kumuua huyu mtoto wa watu. Naomba kila aliyeusoma asiufuate.

Ayawaska hupikwa kwa mimea miwili, mtambaa uitwao Banisteriopsis caapi na majani ya chakruna. DMT, kemikali inayobadilisha fahamu, imo kwenye majani. Ukiyanywa peke yake mwili huivunja kabla haijafika kichwani. Mtambaa una harmini na harmalini, na hizi huzuia kimeng'enya cha MAO, kile kinachoivunja, ndipo DMT ikapita. Sasa kimeng'enya hicho ndicho kinachovunja pia serotonini, kemikali ya hisia kichwani, na sertralini kazi yake ni kuiacha serotonini iwe nyingi. Vikikutana, serotonini hupanda kupita kiasi. Mtu hupata homa kali, misuli hukakamaa na kutetemeka, presha huruka, akili huchanganyikiwa, na wapo wanaokufa.

Kwa dawa za kuzuia MAO, miongozo yataka wiki mbili hivi bila sertralini. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, yataka wiki tano. Tena wiki hizo huanza kuhesabiwa siku ya kidonge cha mwisho, baada ya kupunguza kidogo kidogo na daktari akijua. Kuviacha ghafla nako kuna balaa lake: kizunguzungu, machozi, ndoto mbaya, na huzuni kurudi kwa nguvu. Hatari hiyo hiyo imo kwenye tramadoli ya maumivu, lithiamu, na zile dawa za kikohozi zenye dekstromethofani, ambazo watu hununua dukani bila kufikiri.

ECG nayo si ya iboga peke yake. Ayawaska hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo kambi inayouliza habari ya moyo ni kambi inayojali. Mimi ningeiogopa ile isiyouliza kitu.

Bibie, nikuulize nawe unijibu kwa kweli: kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua akili kwa kusikia sauti, au zile hali za kupanda na kushuka za baipola? Kama yupo, usiende. Na daktari akisema huu si wakati wa kuacha sertralini, basi si wakati wa ayawaska.

Kutoka: Mzee wa Langoni (Lamu)

Wanangu, nimesoma yote.

Binti, mamako namjua tangu yu mtoto. Alipougua moyo kwa kufiwa na mumewe, aliandikiwa kombe. Aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, akanywa, na wanawake wa mtaa wakakaa naye usiku baada ya usiku wakimsomea. Habib Swaleh alikuja hapa kutoka Ngazija, akawatibu watu na kuwafundisha, na msikiti wa Riyadha mpaka leo mlango u wazi. Dawa ya huzuni iko kwenu. Hicho mnachokisema kinaondoa akili, na kinachoondoa akili sisi twajua hukumu yake.

Njoo Lamu. Njoo ukae wakati wa Maulidi, uzuru kaburi. Nyumba yenu ya Mkomani ufunguo ninao mimi.

Kutoka: Kijana wa Shela (Cardiff)

Mzee shikamoo. Mimi sitaki kubishana nawe kuhusu hukumu, lakini dada hakuuliza kama ni halali. Ameuliza karatasi. Tuseme ya karatasi.

Homa ya manjano: kwa misitu ya Peru chanjo inashauriwa. Kama ulichanjwa Kenya na ile kadi ya njano unayo, usilipe tena, kwa sababu tangu 2016 cheti kinahesabiwa ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Nimeona watu wakichanjwa upya bure bilashi kwa sababu mtu wa kaunta hajui.

Malaria ipo pia kule. Nesi, nisahihishe, lakini si kuna kidonge kimoja cha malaria ambacho hakifai kwa mwenye huzuni?

Kutoka: Nesi wa Leicester

Ndiyo, meflokwini. Mwenye unyogovu, au aliyewahi kuwa nao, hapewi. Zipo nyingine, mfamasia wa safari atamchagulia. Nayo atakayopewa iandikwe kwenye orodha ya kambi.

Kutoka: Mama wa Barani (Malindi, zamani Jeddah)

Nimenyamaza tangu jana nikijizuia, sasa nasema.

Mimi nilikuwa hapa Malindi 2023 maiti za Shakahola zilipokuwa zikiletwa mochari. Ni wale waliomfuata mhubiri wakafunga mpaka kufa. Zaidi ya 400 walifukuliwa msituni. Watoto wamo. Wote walianza kwa maneno mazuri: jitenge na dunia, funga, acha hospitali, acha dawa, mwachie mtu mmoja akuongoze. Nikisikia "kambi", "kufunga", "acha vidonge", mwili wanisisimka. Kabla ya kuniambia habari za mtambaa, niambieni: ni nani anaongoza pale? Ukitaka kuondoka saa nane za usiku, kuna njia? Hospitali iko umbali gani? Pasi yako inakaa na nani? Msichana peke yake, usiku, kizani, akili haipo, na mganga ni mwanamume asiyemjua. Hayo hakuna fomu inayouliza.

Kutoka: Baba Rotterdam

Mama, Shakahola na Amazon havifanani hata kidogo. Mmoja alikuwa mhubiri aliyewanyima watu chakula. Wale ni Washipibo, wenyeji wa Amazon, na wenzao, wenye elimu ya mababu, na serikali ya Peru iliitangaza ayawaska kuwa sehemu ya urithi wa taifa mwaka 2008. Kila dawa ya mti ikitajwa watu wetu hushtuka. Ni yale yale ya miraa. Uholanzi ilifunga 2013, Uingereza 2014, wakulima wa Meru wakalia, na wakubwa wetu Nairobi walifanya nini?

Kutoka: Mama wa Barani

Usinitajie miraa. Wewe uko Rotterdam. Sisi tunazika vijana waliomalizwa na muguka, ndugu yake miraa. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipoipiga marufuku tulishukuru, halafu mahakama ikasimamisha amri na Ikulu ikasema ni zao halali. Pwani ikilia hakuna anayesikia, bara wakilia mkutano unaitishwa kesho yake.

Na sikusema vinafanana. Nimesema maswali ni yale yale.

Kutoka: Kijana wa Shela (Cardiff)

Mama wa Barani amesema kweli kuhusu maswali. Wako waganga waliowadhuru wanawake kwenye sherehe hizo, si siri. Dada, waulize kama kuna mwanamke miongoni mwa wasimamizi, na omba kuzungumza na mtu aliyewahi kwenda.

Muguka tuiache tafadhali, tutamaliza wiki.

Kutoka: Binti wa Mkomani (Bristol)

Nawashukuru nyote, hata mlionigombeza.

Nesi, katika familia hayupo, nimeuliza mpaka kwa shangazi Pate. Mama wa Barani, nimewaandikia kambi maswali yako kama yalivyo. Wamejibu kwamba kuna mwanamke msimamizi kila usiku na pasi hubaki kwa mwenyewe. Kuhusu hospitali wameandika "si mbali", nami nimewarudishia kwamba si mbali si jibu.

Nimeanza maandalizi mengine. Wametaka kila mtu awe na nia, iandikwe kwa sentensi moja. Nilidhani nitaandika "nipone". Nimekaa nayo, nikaona ninachotaka ni kumuaga mama. Simu naizima baada ya Isha, habari za dunia sizisomi, natembea kando ya mto. Chakula wameleta orodha ndefu: hakuna chumvi, sukari, pilipili, nguruwe, jibini, wala unyumba. Nguruwe kwangu si mtihani. Lakini nina kifurushi cha ng'onda kutoka nyumbani, na Mzee alituma achari. Hivyo navyo?

Kutoka: Nesi wa Leicester

Ng'onda weka kando. Samaki waliokaushwa, jibini iliyokaa, soseji kavu na mchuzi wa soya vina tairamini, na MAO ikizuiwa tairamini inaweza kurusha presha. Harmini hukiachia kimeng'enya baada ya saa kadhaa, si kama vidonge vya zamani vilivyokishika siku nyingi, kwa hiyo wako wanaosema hatari ya chakula inatiwa chumvi. Mimi bado ningejizuia. Achari nayo isubiri. Kula vibichi na vilivyopikwa siku hiyo: wali, ndizi za kuchemsha, samaki mbichi, mboga.

Chumvi, pilipili na unyumba ni masharti ya waganga wenyewe. Yaheshimu kwa sababu umekubali kuwa mgeni wao, lakini usiyachanganye na haya ya kemia. Nimeona mtu aliyekazana kuacha pilipili huku tramadoli ya mgongo iko kwenye mkoba.

Kwa GP, usiombe barua ya ruhusa. Omba miadi na daktari mwenyewe ya kuzungumza habari za sertralini, useme wazi unataka kwenda wapi. Hatakuitia polisi. Na nakala ya rekodi zako ni haki yako kisheria, ukiomba kwa maandishi lazima wakupe. Dawa zote ulizoandikiwa zitakuwemo.

Kutoka: Mzee wa Langoni (Lamu)

Kumuaga mama, hiyo nia nimeielewa. Sitasema tena la hukumu. Lakini mkono wa buriani huwekwa kaburini. Pita Lamu kwanza, au pita baadaye. Kaskazi ikianza, Mkomani kunakaa vizuri.

Kutoka: Binti wa Mkomani (Bristol)

Mzee, nimesoma nikalia kazini.

Nimempata daktari mwenyewe leo, kwa simu. Alisikiliza. Amesema kupunguza sertralini kutachukua majira mazima na hataki tuanze kabla hajaniona mara kadhaa, kwa hiyo mwezi wa tisa haupo. Nimewaandikia kambi wanisogeze mpaka mwakani. Akiona sifai, sitakwenda. Barua bado hakusema kama ataandika.

Kutoka: Baba Rotterdam

Umefanya vyema kusogeza. Na Nesi ana haki kuhusu vidonge. Kuhusu Kihispania, rafiki yangu alipeleka ya Kiingereza, ila yeye alikwenda Brazili, na huko ni Kireno.

Kutoka: Mama wa Barani (Malindi)

Binti, mimi nauliza jingine. Ukirudi kutoka huko, utafikia wapi? Hizo siku za mwanzo mtu hurudi moyo u wazi kama kidonda, na wewe unaishi peke yako. Kuanza kazi kesho yake haifai. Nani yuko karibu na Bristol kwenye orodha hii?

Kutoka: Kijana wa Shela (Cardiff)

Mimi. Treni haipiti saa moja. Mke wangu ni wa Malindi na amesema chumba cha mbele ni chako, kabla ya safari na baada, hata usipokwenda kabisa. Niandikie pembeni nikutumie namba yake.