Naomba ushauri: nyanya zinanyauka mwishoni mwa msimu

Ndugu wakulima, nyanya zangu hapa Bagamoyo, upande wa bonde la Ruvu, zimeanza kunyauka wakati michumo ya mwisho ikiiva. Majani ya chini huwa ya manjano, mara nyingi upande mmoja wa mche, kisha mche wote hulegea ingawa udongo una unyevu. Nilipopasua shina niliona michirizi ya kahawia, lakini kipande nilichokitumbukiza katika glasi ya maji hakikutoa ute mweupe, hivyo nashuku mnyauko fuzari (ugonjwa wa ukungu unaoingia kwenye shina kutoka udongoni) kuliko mnyauko bakteria, ambao ndio hutoa ute huo. Muuza pembejeo ananihimiza kupiga dawa ya ukungu. Sioni itafikaje ndani ya shina. Je, ning'oe miche iliyougua sasa, au nisubiri matunda yaive? Na kwa kuwa vimelea hivi hudumu ardhini kwa miaka, ni mbegu ipi yenye ukinzani mmeijaribu ukanda huu wa pwani?