Ohio State 2024: kapigwa na mtani nyumbani halafu kawa bingwa, hii imekaaje?

Mgeni_Columbus
Wakuu salama? Mimi nimehamia Columbus majuzi tu na nikikaa na jamaa wa kazini stori ni moja, Ohio State, timu ya chuo cha hapa, na ubingwa wao wa msimu wa 2024. Huu mpira wao wa kushika mkononi (American football) nimeanza kuuelewa kidogo kidogo ila kuna kitu hakiniingii. Walifungwa 32-31 na Oregon mwezi wa kumi, sawa, pointi moja tena ugenini. Lakini tarehe 30 Novemba wakapigwa 13-10 na Michigan, mtani wao wa jadi, nyumbani kwao mbele ya watu laki na ushee, na Michigan yenyewe mwaka huo ilikuwa choka mbaya. Hata fainali ya ligi yao ya Big Ten hawakufika. Sasa anakuwaje bingwa wa nchi nzima? Naomba mnieleweshe taratibu.

mzee_wa_yadi
Karibu mkuu. Toa kwanza kichwani habari za msimamo wa ligi, vyuo ni vingi mno na kila timu inacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za ligi, so wengi hawakutani kabisa. Ndo maana kuna kamati inakaa inachagua nani aingie mtoano. Hadi msimu wa 2023 walikuwa wanachukua timu 4, na miaka yote ile 10 haikuingia hata moja iliyopoteza mechi 2. 2024 ndo wakaanza na timu 12, Ohio State akiwa kashinda 10 kapoteza 2 akawekwa namba 8. Kwa utaratibu wa zamani ile mechi ya Michigan ingekuwa matanga. Na kocha Ryan Day sijui angekuwa wapi leo, maana ilikuwa mara ya nne mfululizo anapigwa na wale watu, mashabiki walishamchoka.

Mama_Tachidauni
Mimi naona ratiba iliwabeba tu. Oregon kashinda mechi zote 13, kachukua Big Ten kwa kumpiga Penn State 45-37, zawadi yake ikawa apumzike halafu robo fainali akutane na Ohio State!! Kisa nafasi 4 za juu zilikuwa za mabingwa wa ligi, ndo ukaona Boise State namba 3 na Arizona State namba 4, wengine kama Ohio State wakasukumwa chini. Na zote nne zilizopumzika zikatolewa mechi yao ya kwanza. Msimu uliofuata wakaubadilisha huo mpangilio, wenyewe waliona.

beki_tatu_96
Dada yangu ratiba gani inakufungia 34-0 hata mapumziko hayajafika? Hiyo ndo Oregon alifanyiwa kwenye hiyo robo fainali, uwanja wa Rose Bowl, ikaisha 41-21. Watu wanasahau ile timu ya Ohio State ilikuwa imebomoka mbele kwa wale wanaomlinda mrushaji, Josh Simmons aliumia kwenye mechi ya Oregon ya kwanza, Novemba akaumia Seth McLaughlin wa katikati, ikabidi Donovan Jackson ahamishwe kwenda kuziba pengo la Simmons kushoto. Siku ya Michigan wakang'ang'ania kukimbia na mpira katikati palepale ambapo Michigan ndo ana watu wa nguvu, ukuta, na Will Howard, mrushaji wa Ohio State, akatoa mipira 2 kwa wapinzani. Ilipofika mechi ya kwanza ya mtoano na Tennessee wakaja tofauti kabisa, mpira unarushwa mapema kwa yule dogo Jeremiah Smith, mwaka wa kwanza chuoni lakini anacheza kama baba wa familia, 21-0 robo ya kwanza tu, ikaisha 42-17. Kwangu mimi kile kichapo cha Michigan ndo kiliwaamsha.

mzee_wa_yadi
Na nusu fainali na Texas usiisahau. Ohio State anaongoza 21-14, Texas kafika yadi 1 kabla ya mstari, wakarudishwa nyuma, halafu Jack Sawyer wa Ohio State akampokonya Quinn Ewers, mrushaji wa Texas, mpira akakimbia nao yadi 83 mpaka mwisho. Na hao wawili walishawahi kuishi chumba kimoja Ohio State! Fainali Atlanta tarehe 20 Januari 2025 wakamaliza na Notre Dame 34-23.

Mgeni_Columbus
Aisee asanteni, nimepata. Ila kuna jamaa hapa kazini hataki kabisa kusikia ubingwa, anasema angebadilishana na ile 13-10.

beki_tatu_96
Huyo ndo shabiki mwenyewe. Wiki ya Michigan ikifika utaona pale chuoni kila herufi M imepigwa X nyekundu, kwenye mabango, kwenye majengo, kote. Wewe ile wiki usivae tu njano na bluu.