Tromboni ya valvu kwenye jazz: roho yake iko wapi?

PulizaKirumba
Shikamooni wakubwa, na habari za jioni wengine. Napiga tromboni kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisa hapa Kirumba. Nilianza na tarumbeta, kwa hiyo mwaka jana nilipopata tromboni ya valvu iliyotumika (ile ya kubonyeza vitufe kama tarumbeta, badala ya kuvuta bomba), vidole vilijua kazi siku hiyohiyo. Shida ni wenzangu. Wanasema nimebeba tarumbeta nene, tromboni isiyovutwa haina roho. Mpaka nikaanza kuamini.

Juzi nikasikiliza kazi za mpiga tromboni Bob Brookmeyer akiwa na Jimmy Giuffre wa klarineti na Jim Hall wa gitaa. Kundi la watu watatu, hakuna ngoma, hakuna besi. Anapuliza kama mtu anayeongea mlangoni usiku huku watoto wamelala ndani. Na ni valvu! Naomba mnaoijua jazz ya Marekani (si dansi letu la kina Morogoro Jazz, ingawa nalipenda) mnieleze: ile sauti anaitoa wapi?

MzeeWaMwaloni
Marahaba mwanangu. Umeuliza kitu ambacho nimekaa nacho miaka mingi.

Kwanza ondoa hofu kuhusu noti. Tromboni ya kuvuta ina nafasi saba. Valvu zako tatu zinakupa hizohizo saba: ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu, halafu unazichanganya. Tofauti iko kwenye njia ya kutoka noti moja kwenda nyingine. Anayevuta anaweza kuteleza njia nzima bila kukatika. Wewe unaruka, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Brookmeyer alijua hilo, na hakujaribu kumuiga anayevuta. Sikiliza vizuri: anabonyeza valvu nusu. Haifikishi chini. Hewa inabanwa, noti inatoka imezibwa kidogo, halafu anaiachia polepole huku midomo ikiipandisha. Noti inafika kwa kujikokota. Na mwisho wa sentensi anaumeza.

Nilinunua dagaa pale Mwaloni karibu miaka ishirini. Alfajiri, bei za kweli hazipigiwi kelele. Muuzaji anakusogelea, anasema "haya, chukua kwa hi...", silabi ya mwisho inabaki kooni, na wewe umeelewa. Siku nilipomsikia Brookmeyer kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mama mmoja wa pale, namna alivyokuwa akishusha bei. Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Ni chombo cha mtu anayepatana kwa sauti ya chini.

Kingine, kwenye lile kundi la Giuffre alichukua nafasi ya mpiga besi. Fikiria hilo. Inabidi ashike chini, aimbe katikati, ajibu klarineti, yote ndani ya wimbo mmoja. Valvu zilimpa wepesi wa kuhama.

Halafu msikilize Juan Tizol wa Puerto Rico, naye wa valvu, aliyeingia kwenye bendi ya Duke Ellington mwaka 1929. Yeye ni upande mwingine kabisa. Hakuwa mtu wa kubuni papo kwa papo. Ellington alimpa wimbo wenyewe, naye aliupitisha umenyooka kama uzi. Pembeni yake alikaa Joe Nanton na tromboni ya kuvuta, akiifanya ilie na kusema kwa kizibuo cha mpira, kilekile cha kuzibulia sinki. Ellington alikuwa na wote wawili kwenye safu moja na akawaandikia wote wawili. Waambie wenzako hayo.

Besi_Nyakato
Shikamoo mzee. Mimi ni wa kuvuta na nitabaki huko. Ule mtelezo wa kina Kid Ory wa New Orleans hauji kwa valvu, tusidanganyane. Halafu kuna suala la noti kunyooka: ukibonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, noti inapanda juu kidogo, na zote tatu ndiyo zaidi. Mimi narekebisha kwa mkono. Kaka PulizaKirumba itabidi arekebishe kwa midomo, au avute bomba dogo la valvu ya tatu kama anafika. Ila hilo la mama wa dagaa limenifanya nikamsikilize Brookmeyer leo mchana, nikarudia mara tatu.

MzeeWaMwaloni
Marahaba binti yangu. Ni kweli, ule mtelezo ni wenu. Hilo la noti kupanda nalo nakubali, ndiyo maana mwenye valvu lazima awe na sikio kali.

PulizaKirumba
Asanteni sana. Jioni hii nimekwenda kwenye mawe ya Capripoint, nikajaribu valvu nusu. Katika majaribio kama ishirini imetoka mara mbili, lakini hizo mbili! Mvuvi mmoja aliacha kupiga kasia akageuka. Tatizo valvu yangu ya kwanza inakwama, ukiiachia polepole inagoma katikati. Niweke mafuta gani?

MzeeWaMwaloni
Ya kupikia usiguse kabisa, yataganda humo. Zitoe valvu zote, zina namba, usizichanganye. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mafuta ya valvu ninayo kichupa kizima, nitumie ujumbe tupange Jumamosi. Na uje na hiyo tromboni.