Wakwe wanakuja Ijumaa: naomba ushauri wa picha ya mapenzi na wizi isiyotutia aibu sebuleni

Mkwe_Mtiifu

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, najua wengine mtaliona dogo.

Wakwe zangu wanakuja kutoka Tanga, watakaa kwangu Dodoma wiki nzima. Runinga ni moja, sebule ni moja. Mara ya mwisho walipokuja niliweka picha ya kipelelezi niliyohakikishiwa kuwa ni ya kifamilia. Haikufika robo saa watu wakaanza kuvuana mashati. Rimoti ilikuwa chini ya mto alioegemea baba mkwe. Nilitoka nje nikazima swichi kubwa, nikarudi nikisema umeme umekatika. Kwa jirani taa zinawaka, redio inaimba. Hakuna aliyenijibu.

Sasa mazingira yenyewe. Baba mkwe ni askari mstaafu, alikuwa upande wa upelelezi. Anapenda picha za wizi, ila anasahihisha kila kitu: bastola inashikwa vibaya, pingu zimefungwa kinyume. Mama mkwe anataka mapenzi, acheke, na mwisho watu waoane. Damu hataki kuiona kabisa. Kiingereza chake ni cha kusalimiana tu.

Nimechuja nimebaki na mbili: *Charade* ya 1963 na *How to Steal a Million* ya 1966. Zote kacheza Audrey Hepburn, zote ziko Paris, na zote nasikia ni mapenzi ya kuchekesha yenye uhalifu ndani. Mke wangu anasema nimeleta picha za enzi za mkoloni. Mlioziona, niweke ipi?

Kipanga wa Jioni

Mkuu, *Charade* usithubutu. Hii nakwambia mimi ninayeipenda kuliko picha zote za miaka hiyo. Watu wanaiita vichekesho kwa sababu ya jinsi Cary Grant na Hepburn wanavyotupiana maneno, lakini hesabu maiti. Wa kwanza anatupwa kutoka kwenye treni hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Mwingine anakutwa ndani ya bafu la maji. Mwingine kafungwa mfuko wa plastiki kichwani, na kamera haina haraka ya kuondoka pale. Utazima swichi mara tatu.

*How to Steal a Million* hafi mtu. Damu yote iliyomo ni mkwaruzo wa risasi mkononi, tena Hepburn mwenyewe kafyatua bunduki ya kale kwa bahati mbaya. Aliyekwaruzwa ni Peter O'Toole, anatiwa dawa ya kidonda huku anajilegeza kama anakata roho.

Shamsa wa Ngamiani

Naunga mkono hapo juu. Ila mleta mada ujue saa ya kwanza inakwenda polepole. Nilimwekea dada yangu, akawa anachati hadi wanapoingia kabatini, baada ya hapo simu akaiweka kando.

Nikupe kisa ili ujue unaingia wapi. Mzee Bonnet ni tajiri wa Paris, kazi yake ya siri ni kughushi michoro ya wachoraji wakubwa. Ana sanamu ndogo ya Venus ambayo alichonga baba yake, na yeye anaiazimisha makumbusho ikidaiwa ni kazi ya Cellini, mchongaji mkubwa wa zamani. Wanakuja watu wa bima, wanampa karatasi, anasaini bila kusoma. Karatasi hiyo inawapa ruhusa ya kuleta mtaalamu aipime sanamu. Ikipimwa tu, mzee jela. Kwa hiyo binti anakwenda kutafuta mwizi amsaidie kuiba kitu ambacho ni mali ya kwao! Na mwizi haambiwi sababu.

Hapo ndipo mapenzi yanapoingia, maana wanajifungia usiku kucha kwenye kabati la mifagio chini ya ngazi, halina hata nafasi ya kukunja goti. Wanabusiana, ndiyo, lakini nguo zote mwilini na ni mabusu ya haraka.

Mkwe_Mtiifu

Mabusu mangapi? Naomba idadi, dada.

Shamsa wa Ngamiani

Sikuwa na daftari. Machache. Kaa karibu na rimoti.

Msee wa Kisumu

Niaje wadau. Mimi nitakuwa mpinzani hapa. Niliiona hiyo ya makumbusho na sikuelewa watu hufurahia nini. Walinzi ni wazembe kupita kiasi, mmoja kazi yake ni kuficha chupa ya pombe kwenye ndoo ya zima moto. Halafu yule tajiri Mmarekani wa Eli Wallach anayetaka kuoa binti ili apate sanamu, ungemtoa na hadithi isingepungua chochote. Karibu nusu ya picha ni Hepburn kubadilisha nguo za Givenchy. Askari mstaafu atawatukana walinzi mpaka asubuhi.

Kama unataka kicheko cha haraka weka *Murder Mystery* ya 2019, ile ya Adam Sandler na Jennifer Aniston. Mume ni polisi anayefeli mtihani wa kupanda cheo na anamdanganya mkewe kuwa kafaulu. Hapo baba mkwe ataguswa.

Kipanga wa Jioni

Msee, hiyo ya 2019 ina maiti hata kuliko *Charade*. Mtu kasema mama hataki damu.

Msee wa Kisumu

Sawa, hapo umenishika. Lakini mimi bado naona ya makumbusho inasinzisha.

Mzee wa Tangawizi

Mnajadili mabusu na maiti, mmesahau lugha. Mama Kiingereza haelewi, na picha ile ni ya maneno. Utani wake uko mdomoni. Huwezi kuipata imetafsiriwa, maana watafsiri wetu wanapenda za mapigano na za Kikorea. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video enzi za Lufufu, yule msimuliaji wa picha za kigeni kwa Kiswahili, tunajua: picha ya maneno bila msimuliaji ni kuangalia samaki ndani ya chupa.

Ushauri wangu, wewe mwenyewe uwe Lufufu. Iangalie mara mbili kabla hawajafika, halafu usimulie.

Binti wa Chumbageni

Mimi nimeshangaa. Mama wa Tanga, wa rika hilo, anataka mapenzi, kicheko, harusi, wizi bila damu. Na bado mnazunguka Paris? Jibu liko Mumbai. *Bunty Aur Babli* ya 2005.

Kijana na binti wa miji midogo wanatoroka kwao, kila mmoja kwa sababu zake. Kijana hataki kazi ya kukaa kwenye treni kama baba yake, binti anakimbia kuozeshwa kwa kuwa anataka kuwa mrembo wa taifa. Wanakutana kituoni, mtu mmoja anawaibia wazo lao la biashara, wanamlipizia kwa kumtapeli. Wakionja utamu hawaachi tena. Wanafika mpaka kumkodisha mgeni Taj Mahal! Abhishek Bachchan na Rani Mukerji, na askari anayewafuatilia ni Amitabh Bachchan mwenyewe, yaani baba anamkimbiza mwanawe. Mama zetu walimjua Amitabh tangu ana nywele za kufunika masikio. Hahitaji tafsiri, anaelewa kwa muziki.

Shamsa wa Ngamiani

Chumbageni umesema. Ila ni karibu saa tatu hiyo, na kuna wimbo wa Kajra Re, mwigizaji Aishwarya yuko tumbo wazi.

Binti wa Chumbageni

Tumbo la Kihindi halihesabiki. Mama zetu walilizoea tangu sinema ya Majestic.

Tahadhari yangu ni moja, kwa baba. Amitabh mle ni askari anayevuta biri na anafanya kazi anavyotaka mwenyewe. Mwisho wake sisemi, ila mstaafu anayefuata taratibu anaweza kupandisha presha.

Kobe Mzito

Mimi ya Paris naipenda sababu tu ya yule jamaa. Mnajua kumbe si mwizi? Ni mpe

*[Ujumbe umefupishwa na msimamizi]*

Kipanga wa Jioni

Kobe, mtu anaomba ushauri wa kuangalia, wewe unammalizia utamu. Watu wa namna yako ndio wanaosimulia fainali kwa aliyerekodi.

Mkwe_Mtiifu

Nimeshasoma kabla haijafupishwa. Asante Kobe.

Kobe Mzito

Nisameheni. Nilidhani picha ya 1966 imeshaisha muda wake.

Nuru ya Pemba

Mkuu, kama mama mkwe ataona uvivu wa kumwangalia mzungu wa kale, mwambie huyo ndiye yule mama mwembamba wa UNICEF aliyekwenda Somalia mwaka 1992 wakati wa njaa. Mama yangu nilipomwambia hivyo alikaa vizuri. Akasema, "Kumbe alikuwa mzuri hivi?" Hakunyanyuka tena.

Mzee wa Tangawizi

Huo ndio ushauri bora uliotolewa humu.

Mkwe_Mtiifu

Nimeamua. Ijumaa ya Paris, Jumamosi ya Mumbai. Nitarudi na mrejesho, mniombee.

Msee wa Kisumu

Tuko hapa tumekaa. Swichi kubwa iko wapi?

Mkwe_Mtiifu

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa kuchelewa, wageni wameondoka leo asubuhi.

Ijumaa baada ya kula nilianza kazi ya Lufufu. Nilisimulia dakika kama kumi, kwa sauti mbili, ya kike na ya kiume. Mama mkwe akaniambia kwa upole, "Mwanangu, pumzika. Nyuso zao nazisoma." Mke wangu alicheka mpaka akaenda jikoni. Basi nikawa nasema maneno mawili matatu tu panapokuwa na fumbo, kama lile la karatasi ya bima.

Kobe, hukuharibu kitu. Kumbukeni pale mwanzo, usiku, binti anamkuta jamaa sebuleni kwao na mchoro wa Van Gogh wa kughushi. Kabla ya hapo jamaa anaonekana anakwangua rangi kidogo kwenye mchoro. Baba mkwe akaweka kikombe chini. "Mwizi gani anakwangua rangi? Mwizi anabeba. Huyo anachukua sampuli." Ndiyo kwanza picha inaanza! Nikabaki kimya, nikajifanya sijui.

Msee, nilijua walinzi watatukanwa. Wapi! Ilipofika pale jamaa anarusha kile kijiti kilichopinda cha Australia, kinakata miale ya ulinzi, king'ora kinalia, polisi wanajaa, hawakuti kitu, wanaondoka. Anarusha tena, polisi tena, mpaka kigogo mmoja wa jirani anapiga simu kulalamika na walinzi wanaamua kukizima, nikamtazama mzee. Hakuwa na neno. Baadaye akasema hiyo ni kweli tupu. Kulikuwa na ghala la katani huko walikokuwa kazini, wezi walikuja usiku tatu mfululizo wakirusha mawe juu ya bati na kukimbia. Usiku wa kwanza mlinzi alipuliza filimbi, kijiji kizima kikaamka. Wa pili akapuliza, wakaja wachache na matusi. Wa tatu alisikia mawe akajifunika blanketi. Asubuhi ghala limebaki na kamba za kufungia tu.

Mama mkwe akamgeukia: "Miaka yote hiyo hujawahi kunisimulia." Tukasimamisha picha. Nadhani tulisimama kama nusu saa, hadithi za ghala zikawa tatu.

Kabatini sasa. Rimoti safari hii niliishika mwenyewe, kidole kiko juu ya kitufe. Walipoanza kusogeleana nikabonyeza kupeleka mbele. Mama mkwe: "Rudisha, mwanangu. Hao watu wazima." Baba mkwe alikuwa anaangalia dari.

Malalamiko yake mama ni mamoja. Mwisho wanaondoka na gari kwenda kuoana, na picha inaishia hapo. "Harusi iko wapi?" Nikamwambia ndiyo wanakwenda. "Wanakwenda wapi wakati sisi tuko hapa?" Kwa upande huo Mumbai iliokoa jahazi. Harusi ipo, nyimbo zipo, na Kajra Re tumeiangalia mara mbili kwa ombi maalumu. Mama aliimba, maneno ya Kihindi hayajui ila hakosei hata moja.

Binti wa Chumbageni, ulisema kweli kuhusu presha. Picha ilipoisha baba mkwe alisimama, akakunja mikono nyuma, akasema yule Amitabh angekuwa chini yake angemfungulia jalada asubuhi yake. Akaenda kulala bila chai.

Ukiniuliza ipi zaidi, ya Mumbai ilichekesha sebule nzima, lakini ya Paris ndiyo iliyomfungua mzee mdomo. Mke wangu anasema hajawahi kumsikia baba yake akizungumza muda mrefu hivyo tangu astaafu. Sasa anataka nitafute nyingine za enzi za mkoloni.

Mzee wa Tangawizi

Hongera mkuu. Ila Lufufu kufukuzwa kazi dakika ya kumi ni rekodi.

Kipanga wa Jioni

Sasa nimebaki na swali moja, na si la picha. Wale wezi wa katani walikamatwa?

Mkwe_Mtiifu

Nilimuuliza akiwa anapanda basi. Akasema hiyo ni ya safari ijayo.