Ulinganisho wa kompyuta mpakato kwa kazi za hesabu: ninunue sasa au nisubiri hadi Oktoba?

Mhasibu wa Sakina (mleta mada), Februari 2026

Wakuu, salaam. Ninatunza hesabu za kampuni mbili ndogo za utalii hapa Arusha, pamoja na za duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu kule Ngaramtoni, na kazi zote hizo zimo ndani ya kompyuta mpakato moja niliyoinunua mwaka 2017, yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha sita, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na Windows 10. Haijawahi kunigomea kabisa, lakini betri haimalizi saa nzima, na bawaba ya kushoto imeachia kiasi kwamba kuifunga ni lazima nitumie mikono miwili kama mtu anayefunika sufuria ya moto.

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nilijiandikisha katika mpango wa nyongeza wa Microsoft, ambao unaniletea masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kupanda kwenda Windows 11 haiwezekani kwa sababu prosesa yangu haimo katika orodha yao.

Bajeti ni shilingi 1,200,000, na nikijibana sana itafika 1,400,000. Baada ya kuzunguka maduka ya barabara ya Sokoine hadi karibu na Mnara wa Saa, nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018, zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikaletwa huku. Ya pili ni kompyuta mpya ya kwenye boksi, yenye prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4, hifadhi ya eMMC ya GB 64 na waranti ya mwaka mmoja. Ya tatu ni MacBook Air ya M1 iliyotumika, ambayo ingeimaliza bajeti yote na ambayo binti yangu anaipigia debe kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Je, ninunue sasa, au niikamue hii ya zamani hadi Oktoba? Ninatumia Excel na Tally, programu ya uhasibu, kila siku, na marejesho ya VAT hayanisubiri ifikapo tarehe 20 ya mwezi.

Fundi Kaloleni

Ndugu mleta mada, nianze na ile ya pili ili tuiondoe mezani. Microsoft yenyewe imetaja RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea Windows 11, kwa hiyo unaponunua mashine hiyo unanunua kitu ambacho tangu siku ya kwanza kimesimama ukingoni. Masasisho makubwa mawili tu yakishuka, nafasi imejaa. Isitoshe, katika nyingi za aina hiyo RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye bodi, na ukiniletea nitakupa pole tu, kwa kuwa hakuna cha kuongeza. Upya wake ni wa boksi.

Kwa fedha hiyo ningechukua T480 au 840 G5 bila kusita, kwa sababu zote mbili zina nafasi mbili za RAM zinazofunguka kwa bisibisi ya kawaida, na prosesa za kizazi cha nane ndizo zilizoanza kukubaliwa na Windows 11. Hapo ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. T470 na T480 zinafanana kama mapacha, na ukiziweka mezani zimefungwa, hata mimi hulazimika kuzigeuza nisome. Usisome kibandiko, maana kibandiko kinabandukika na kubandikwa kwingine. Iwashe, fungua maelezo ya mfumo, usome jina la prosesa: i5-8250U au i5-8350U ni kizazi cha nane na ina viini vinne, ilhali i5-7300U ni kizazi cha saba, ina viini viwili, na utarudi kulekule ulikotoka.

Ukishaona prosesa, fanya mambo haya kabla ya kutoa hata shilingi. Fungua dirisha la amri, uandike powercfg /batteryreport, kisha ulinganishe uwezo wa betri ulivyokuwa kiwandani na uliobaki sasa; chini ya asilimia 70 hesabu bei ya betri mpya na umwombe muuzaji aipunguze. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayochomoka, basi hakikisha ripoti inazionyesha zote mbili. Jambo la pili, chomeka chaja katika tundu zote mbili za USB-C, moja baada ya nyingine. T480 ilipata tatizo linalojulikana la programu ya ndani ya tundu la Thunderbolt (moja kati ya hizo mbili), ambalo Lenovo ilitolea sasisho, na mashine ambayo haikusasishwa mapema tundu hilo linaweza kufa. Ukiambiwa "hilo tundu huwa halichaji, tumia lile jingine", ondoka. Jambo la tatu, izime, uiwashe na kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, hiyo ilitoka kwenye ofisi ambayo haikumaliza kuiaga.

Na popote utakaponunua, fungueni sehemu ya chini pamoja msafishe feni. Wiki iliyopita nilifungua moja kutoka Kisongo iliyokuwa ikijizima kila mchana. Kati ya feni na zile pezi za shaba niliitoa kwa kibano karatasi nzima ya vumbi lililogandamana, nene kama kipande cha blanketi, na mashine ikapona bila kubadilishiwa chochote.

Mpiga picha, Moshi

Fundi amesema vyema, lakini njia ya tatu isipuuzwe. Mimi hupiga picha za wageni wanaopanda Kilimanjaro, na tangu nilipohamia MacBook Air ya M1 ninahariri picha ghafi mia kadhaa nikiwa hotelini bila kutafuta soketi. Apple ilipoitoa mwaka 2020 ilitaja hadi saa 18 za kutazama video. Yangu iliyotumika haifiki huko, ila hufika jioni. Haina feni, hivyo vumbi la Fundi halina mlango mkubwa wa kuingilia, na joto la Moshi mwezi huu, ambalo watu wa Arusha mnalisikia kwa majirani, haijanisumbua nalo isipokuwa ninapotoa video ndefu.

Udhaifu wake ni kwamba RAM haiongezeki kamwe, kwa hiyo ukichukua ya GB 8 umefunga ndoa na GB 8. Pia usikubali kuvutwa na MacBook za bei ya chini zenye prosesa za Intel, kwa sababu Apple imekwisha kutangaza kuwa macOS Tahoe, iliyotoka mwaka 2025, ndiyo ya mwisho kuzihudumia.

Usiilipie ikiwa bado ina akaunti ya mtu. Muuzaji aifute mbele yako, iunganishwe na intaneti, na uipitishe hatua zote za mwanzo hadi ufike kwenye skrini ya kazi. Ikisimama njiani na kudai akaunti ya mmiliki wa zamani, au ikatangaza kuwa inasimamiwa na kampuni fulani, hakuna fundi wa halali atakayekufungulia.

Fundi Kaloleni

Kaka, picha zako nakubali. Lakini mleta mada ametaja Tally, na Tally ni programu ya Windows. Kwenye M1 atalazimika kuweka Windows ya ARM (toleo la prosesa za aina ya M1) ndani ya programu nyingine ya kulipia, huku GB 8 zilezile zikigawanywa kati ya mifumo miwili. Hata Excel ya Mac haina Power Pivot, ile zana ya kuchambua data nyingi. Mhasibu atumie kinachobeba hesabu zake.

Mpiga picha, Moshi

Tally sikuiona, naondoa hoja yangu kwake. Binti ndiye anunuliwe MacBook.

Mwalimu wa Rau

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa wakati, maana swali hilo limebaki nyuma. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimekuwa zikipanda duniani, kwa kuwa watengenezaji wakubwa, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, wameelekeza sehemu kubwa ya viwanda vyao kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia, ambako faida ni nono zaidi. Mwezi Desemba Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yake ya RAM na SSD, jina ambalo wengi wetu tumelinunua kwa miaka mingi. T480 na 840 G5 zinatumia DDR4, aina ya zamani ambayo watengenezaji wanaendelea kuipunguza, hivyo anayetarajia kuwa hadi Oktoba kipande cha GB 8 kitakuwa kimeshuka bei anasubiri meli uwanja wa ndege. Mashine zilizotumika nazo hazitaepuka, kwa sababu wanaokimbia bei za mpya watazigeukia hizo.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni halali: ofisi nyingi za Ulaya zilizobadilisha mashine kutokana na mwisho wa Windows 10 zinaendelea kuuza za zamani, na huenda shehena zikaongezeka. Lakini tazameni ni zipi zinazouzwa kwa sababu hiyo. Ni zile za kizazi cha saba kushuka chini, yaani zilezile ambazo mleta mada hazitaki.

Mahali ninapotofautiana na Fundi ni kwamba analinganisha mashine nzuri iliyotumika na mpya iliyo mbaya. Ipo ya katikati, mpya yenye Core i3 au Ryzen 3, RAM ya GB 8 na hifadhi ya SSD ya GB 256, ambayo kwa kuongeza kidogo juu ya bajeti ungeipata ukaanza na betri isiyo na historia. Hata hivyo, ulizia waranti inatekelezwa na nani. Yangu niliyonunua kwa muuzaji mmoja, sitamtaja, iliharibika skrini mwezi wa nne, na waranti ikamaanisha kuisafirisha Dar es Salaam kwa basi kwa gharama yangu na kukaa wiki tano bila kompyuta wakati wa kusahihisha mitihani. Waranti ya mwezi mmoja ya mtu ninayeweza kumfuata kwa bodaboda ningeithamini zaidi.

Kagueni pia kibodi. Mashine zilizotoka Ujerumani zina herufi Z mahali pa Y, na vibandiko vinavyowekwa juu hubanduka ndani ya miezi michache.

Mwanachuo wa Njiro

Shikamooni. Na sisi tunaosubiri boom (fedha za mkopo wa chuo), tununue muda gani? Siku boom likiingia bei zinapanda palepale.

Fundi Kaloleni

Marahaba. Zungukeni wiki mbili kabla fedha haijaingia, mkague na mwandike namba ya mashine mliyoikubali, mkubaliane bei na mweke arubuni yenye risiti. Anayeingia dukani siku ya boom na simu mkononi muuzaji anamwona tangu mlangoni.

Mhasibu wa Sakina (mleta mada)

Shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru nyote. Nimeamua kutosubiri. Mwalimu amenishawishi kuhusu RAM, lakini kilichoniamulia zaidi ni kalenda yangu mwenyewe: tarehe 31 Machi kuna awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio, tarehe 30 Juni marejesho ya mwaka, na kuanzia hapo hadi Oktoba wageni wanamiminika na kampuni zote mbili hazilali. Kama ningengoja hadi siku ya mwisho ya masasisho, ningekuwa nahamisha hesabu za miaka tisa katikati ya msimu. Mwezi Aprili, masika yakishika na magari ya safari yakiwa yameegeshwa, ndio muda pekee ninaoweza kuendesha mashine mbili sambamba na kulinganisha salio kwa salio.

Jana niliingia maduka matatu. Katika duka la kwanza ile "T480" ilisoma i5-7300U, na kijana alipoulizwa akasema tofauti ni ndogo tu. La pili lilikuwa na T480 ya kweli, betri zote mbili nzuri, ila nilipojaribu kuandika "Yona" ikaandika "Zona", nikamkumbuka Mwalimu. La tatu nilikuta 840 G5 yenye i5-8350U, SSD ya GB 256, kibodi ya Kiingereza, na betri iliyobakiza asilimia 81 ya uwezo wake. BIOS ilifunguka bila nywila. Tulipofungua chini, RAM ilikuwa kipande kimoja cha GB 8 na nafasi ya pili wazi, basi nikanunua kipande kingine hapohapo, nacho kilikuwa ghali kuliko nilivyotegemea. Jumla imebaki chini ya shilingi 1,200,000, na nimepewa waranti ya miezi mitatu iliyoandikwa kwenye risiti pamoja na namba ya mashine. Core i3 mpya aliyoitaja Mwalimu niliiulizia. Ilizidi hata ile bajeti ya kujibana.

Fundi, nakuomba uniambie kama bawaba ya kushoto ya ile ya zamani inapatikana, kwa sababu shemeji amekwisha kuiomba kwa ajili ya kuchapia ankara pale dukani, na nimemwambia haitaunganishwa na intaneti kabisa.